Mpiga Picha za Vipepeo Anayenuka Rubisi

Hakuna jua. Mzee wa kanisa amepanda mlima asubuhi hii kuja kuona kipepeo, na bila jua kipepeo hafungui mabawa.

Ni saa mbili na nusu, Nyaishozi, Karagwe, Aprili 1954. Wingu limelalia migomba. Kashaija, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, amechuchumaa nyuma ya kamera iliyosimama kwa miguu mitatu. Mbele yake kuna gogo alilolipaka machicha ya rubisi, pombe ya ndizi. Yananuka mpaka barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Rwezaura anaziba pua kwa mkono wa koti. "Haya, nionyeshe."

Jioni hii Rwezaura atapeleka neno lake kwenye baraza la wazee. Akisema Kashaija si mlevi, Kashaija atarudishwa kwenye meza ya Bwana, na mkewe Kokuhirwa atarudi nyumbani. Akisema vingine, jambo hili halitazungumzwa tena mpaka Desemba.

Kashaija hajaonja pombe tangu alipookoka mwaka 1943. Kilichomponza ni kazi. Miaka miwili iliyopita mtafiti mmoja wa Kizungu alimwachia kamera, daftari na mshahara wa shilingi thelathini kwa mwezi, unaokuja kwa posta. Kashaija hupiga picha za vipepeo na kuandika hali ya hewa na jinsi walivyoweka mabawa.

"Watu wanadhani kipepeo anapepea tu," anasema. "Asubuhi ya baridi, jua likichomoza, anayatandaza mabawa kama mtu anayeanika kahawa. Adhuhuri anayasimamisha yagusane, jua lisimchome. Pakiwa na wingu anayafunga na kutulia. Upepo ukija analala ubavu. Nimeandika yote."

Yote, isipokuwa kipepeo mmoja. Ni yule mkubwa mwenye mgongo wa bluu, ambaye hutandaza mabawa dakika chache tu jua linapotoka baada ya mvua au wingu zito. Kashaija hajawahi kumwahi. Kipepeo huyo hana habari na maua. Hushuka kwenye machicha ya rubisi.

Kwa hiyo kila Jumamosi Kashaija huenda kwa Mwesigwa, mkamuaji wa rubisi, na wanywaji humpokea kwa kelele.

"Mlokole kaja! Leo kibuyu au ndoo?"

"Machicha tu, waitu, ndugu zangu."

"Machicha! Sisi tunakunywa juu, mwenzetu anamalizia chini!"

Habari zilifika kanisani kabla yake. Miezi saba iliyopita alihamishiwa benchi la nyuma. Kokuhirwa alivumilia wiki sita, kisha akarudi kwa wazazi wake Bweranyange.

"Aliniambia, 'Mimi niliolewa na mtu aliyeokoka. Siku wakikurudisha mezani nitumie mtu, nitakuja,'" anasema Kashaija.

Tangu hapo Kashaija anapika ndizi za watu wawili na kula nusu. "Sijajua kupika kidogo," anasema. "Siku nyingine naisikia sauti yangu ninaposalimia ng'ombe wa watu tu."

Hata picha zake hajaziona. Filamu husafiri kwa basi mpaka Bukoba, na kutoka huko huenda Ulaya kusafishwa. Hakuna hata picha moja iliyowahi kurudi.

Gogoni, Rwezaura anachoka.

"Yuko wapi huyo kipepeo?"

"Huyo hapo, mzee. Karibu na lile fundo."

Rwezaura anainama. "Naona jani kavu."

"Ndiye huyo. Amefunga. Upande wa chini wa mabawa ni kahawia. Jua likitoka tu..."

"Kashaija." Mzee anasema polepole, bila hasira. "Nimepanda huku na goti bovu. Naona machicha. Naona jani. Naona mtu mzima ananiambia jani lina mgongo wa bluu. Ungekuwa mimi, ungewaambia nini wenzako?"

Kashaija anatazama mbingu. "Ngoja kidogo, tata, baba yangu."

"Nimengoja saa nzima."

Mzee anashuka kwa fimbo yake, hatua kwa hatua. Hajafika kwenye migomba ya jirani, wingu linapasuka na jua linapiga gogo. Lile jani linatetemeka, kisha linafunguka: bluu, pana kama kiganja.

Rwezaura bado yuko karibu. Akiitwa atasikia. Lakini kipepeo naye atasikia. Kashaija anafumbua mdomo, anaufumba, anabonyeza kamera.

"Ningemwita, angekuja akakuta gogo," anasema baadaye. "Ningekosa picha, na yeye asingeona kitu."

Jioni ile Rwezaura aliliambia baraza alichokiona, bila kuongeza neno. Siku ya tatu kaka yake Kokuhirwa alikuja kuchukua jembe la dada yake, chungu chake na blanketi.

Kashaija amemwandikia mtafiti kuomba nakala moja ifike kabla ya Desemba, aipeleke barazani. "Bluu haitaonekana, maana filamu ni ya nyeusi na nyeupe," anakiri. "Lakini mabawa yatakuwa wazi. Hilo wataliona."

Picha ni moja. Imekula masika mawili na filamu kumi na moja. Imekula miezi saba ya benchi la nyuma, na minane mingine inakuja. Imekula ndoa ya miaka kumi.