Bitana ya Bluu

Siku ya kumaliza msiba, nguo za marehemu mama yao zilipogawanywa, kitu kimoja hakikuonekana: kitenge cha kujitanda cha sare ya kina mama wa parokia, cha bluu, chenye picha ya Bikira Maria. Odeta, binti mkubwa, hakuuliza mtu. Alimwangalia tu mdogo wake Getruda.

Getruda alikata minofu ya samaki kiwandani miaka kumi na tisa. Alipofikisha arobaini na minane akaacha kazi, akapanga chumba mtaa wa Mabatini, akaanza kushona mikoba ya ngozi ya sangara. Watu walicheka, kisha wakanunua. Odeta hakucheka wala hakununua. Aliyeweza kugeuza ngozi ya samaki kuwa mkoba wa harusini, alijiambia, kitenge cha marehemu kitamshinda nini?

Jumatatu, akitoka misa ya asubuhi, alimwendea.

“Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina. Shikamoo dada. Leo umekumbuka njia?”

“Marahaba. Nimekuja kuangalia kazi.”

“Kuangalia au kukagua?”

Odeta akafungua mkoba mmoja, wa pili, wa tatu. Bitana zote nyeusi. Wa nne ulitundikwa peke yake nyuma ya mlango. Ndani ulikuwa wa bluu.

“Unamuuza mama, Getruda.”

Getruda alisimamisha cherehani, akampa mkasi. “Fumua.”

Odeta alifumua. Kilichotoka kilikuwa viraka vitupu, vingine vyembamba kama utepe, vimeungwa kwa mkono. Hapakuwa na picha hata moja nzima.

“Mabaki hayo,” alisema Getruda. “Si mimi niliyemshonea mama gauni la sare? Kitenge chake cha kujitanda alizikwa nacho. Ulisema baridi itamwingia miguuni, ukamfunika mwenyewe kabla jeneza halijafungwa. Umesahau?”

Odeta akakaa juu ya ndoo. Aliikumbuka ile miguu. Alikumbuka alivyoichomekea kitenge pande zote, kama mtoto anayelazwa.

“Na huu unauuza?” aliuliza baadaye, macho bado makali.

“Ulikuwa wako, wa kutilia kitabu cha nyimbo. Sasa umeufumua, utaushona mwenyewe.”

“Nipe sindano.”

Getruda akampa. Odeta alivihesabu kwanza vile vipande, kimoja kimoja, midomo ikicheza kama anayesali rozari. Ndipo akatunga uzi.