Salma na "sisi" yake

Leo nimeona wivu mpaka chai imenishinda.

Wiki nzima nimejifungia ofisini hapa Mji Mkongwe, nnaweka programu kwenye kompyuta kubwa ya ofisi. Unaipa jina la tovuti, inakutafutia anwani yake ya namba.

Leo tukaijaribu. Salma, mwenzangu wa ofisini, kaja ananukia udi, kaandika jina moja tu. Anwani hiyo!

Mkurugenzi kafurahi: "Mashaallah! Nani kaiweka?"

Salma: "Sisi."

Sisi na nani? Hata nywila haijui!

Mkurugenzi naye kaandika jina jengine. Kompyuta ikajibu halipatikani.

"Nani kaiweka hii?"

Salma kaangalia dari.

Nikamuwahi: "Sisi."

Mpaka saa hizi hanisemeshi. Jamani, kosa langu lipi?