Siku Madam Alipokuja Kumwona Kiki

Wacha niseme tu, maana aibu hii imenikaa kifuani. Kiki ni sungura wangu. Miguu yake ya nyuma ilipooza, na fundi wa baiskeli hapa Nakuru akamtengenezea kigari cha magurudumu mawili. Siku ya kukichukua, niliomba ruhusa kwa Madam Kaur, mwenye hardware ninakouza misumari.

"Madam, Kiki hawezi kutembea. Naenda kumchukulia kigari."

Machozi yakamlengalenga. "Pole sana! Ana miaka mingapi?"

"Miwili."

Nilijua amedhani ni mtoto wangu. Lakini mwanaume mzima na ndevu zangu, niliona haya kusema ni sungura.

Jumamosi akabisha mlangoni kwangu, ameshika sweta ndogo aliyoifuma mwenyewe. "Mtoto yuko wapi?"

Kabla sijatunga uongo, Kiki akatoka jikoni mbio na kigari chake, akamgonga kiatuni. Nikajua leo nimefutwa kazi.

"Ndiye huyu, Madam. Nisamehe."

Alimtazama Kiki, akatazama sweta, akacheka mpaka akakaa chini. Hapo ndipo nikapumua.

"Lakini hii sweta," akasema akipangusa macho, "itampwaya."