Somo la Usafi la Mwalimu Gaspari

Enzi zetu, Ijumaa ilikuwa siku ya mikono. Ninyi wa rika langu mliosoma kwa mapadri hapa Uvira, miaka ile bendera ilipokuwa inabadilishwa, mtanielewa upesi. Kengele ikilia hatukuingia darasani. Tulijipanga nje, wasichana upande wa ziwa, wavulana upande wa milima, mikono imenyooshwa mbele, na Mwalimu Gaspari akipita polepole, akiinama juu ya kila ukucha kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Ukucha mweusi ulikupeleka kwenye pipa la maji na kipande cha sabuni ya mawese, huku wenzako wakikucheka mpaka masikio yanawaka.

Mwalimu Gaspari alikuwa mrefu, mwembamba, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi hata siku za mvua. Kabla ya kuwa mwalimu alifanya kazi katika zahanati ya misheni, akimshikia mtawa bakuli la sindano na kuosha vidonda vya watu. Somo lake la usafi tuliliita ijeni, kwa Kifaransa cha midomo yetu. Lilifuata mara baada ya katekisimu, naye aliyashona masomo hayo mawili yakawa nguo moja. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, alisema, basi ni nani atafagia kanisa halafu aache nzi wakae altareni?

Alijaza chupa mbili maji ya ziwa, moja akaichemsha na kuifunika kitambaa, nyingine akaiacha hivyo hivyo, akaziweka dirishani. Baada ya juma moja tulisukumana kuangalia. Katika ile ya pili vilikuwa vinacheza vijidudu vyembamba kama nyuzi, na ukingoni kumeota ute wa kijani. Msichana mmoja alitapika. Mimi nilienda nyumbani nikakataa kunywa maji.

Mama yangu alikuwa anaanika samaki wadogo wa ndagala ufukweni. Alinitazama, akacheka mpaka akaketi mchangani.

"Hii ziwa ilikuza babu yako, ikanikuza na minye," alisema. "Leo mwalimu wako anasema iko na wadudu?"

Lakini jioni aliteleka maji. Alifanya hivyo kwa ajili ya kilio changu, si kwa ajili ya wadudu. Tukala ugali wa muhogo na sombe ya majani yake, yenye mawese mengi, tukashushia kwa maji yenye harufu ya moshi. Mdogo wangu Sifa, ambaye alikuwa bado ananyonya, alikunja uso akayatema.

Na si mwili tu. Mwalimu alitufundisha kulala mapema, kuomba msamaha kabla jua halijatua, na kutoficha woga. Alikuwa anasema, "Muntu akificha woga, ule woga unamukula ndani kama funza." Watoto wa leo wakisikia maneno haya watauliza kama yako kwenye simu. Sisi tuliyaandika kwa chokaa juu ya vibao, tukayafuta kwa mate, ingawa kufuta kwa mate kulikuwa dhambi kubwa katika somo lile lile.

Uhuru ulipokuja tuliimba mpaka sauti zikakauka. Kisha watu wa zahanati wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakavuka kwenda ng'ambo, na kabati la dawa likabaki na chupa tupu. Mwalimu Gaspari hakubadilisha kitu. Aliendelea kukagua mikono, ila sasa aliishika muda mrefu zaidi. "Dawa imeisha," alituambia. "Sasa dawa yenu ni hii mikono."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu waasi walipoingia mjini. Baadhi yao walikuwa kaka zetu wa mtaa ule ule, tuliowajua kwa majina. Mwanzoni watu walicheza ngoma. Halafu ikaja habari kwamba askari wa serikali wanashuka kutoka Kamanyola, wanapita katika bonde la Ruzizi, na kwamba hawaulizi nani ni mwasi na nani si mwasi. Tulikuwa katikati ya imla. Mwalimu alifunga kitabu bila kumaliza sentensi, akatuambia twende kwa wazazi wetu.

Tukapanda milima, familia sita pamoja. Baba alikuwa amekwisha kufariki, basi mama alimfunga Sifa mgongoni, mimi nikabeba unga. Mwalimu Gaspari alipanda pamoja nasi akiwa peke yake, kwa kuwa mke wake alikuwa kwao, ng'ambo ya ziwa. Tulijificha katika korongo, chini kidogo ya nyanda za Bijombo ambako wafugaji walichunga ng'ombe. Wanaume wakamchagua jirani yetu, Mzee Kashindi, atuongoze. Sheria yake ilikuwa moja: mchana hakuna moto, na usiku pia hakuna, maana askari wa bondeni wangeuona. Ndege zilikuwa zinazunguka, na zilipoona moshi zilipiga. Kulipopambazuka tu, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, kila mama aliruhusiwa moto mdogo wa kusonga ugali. Haukutosha kuchemsha kitu kingine.

Maji tuliyanywa ya kijito. Juu yetu kulikuwa na kambi nyingine za wakimbizi, na kijito hicho kilipita kwao kwanza. Sihitaji kueleza zaidi. Juma la pili watoto walianza kuhara damu. Watoto wawili walikufa siku moja. Siku iliyofuata Sifa alikataa kula, akawa anashika tumbo bila kulia.

Mwalimu Gaspari alikwenda kwa Mzee Kashindi. Nilikuwa karibu, nachambua mboga za porini, nikasikia kila neno.

"Mzee, utuachie moto kidogo mchana. Hii maji iko inaua batoto."

"Najua," alisema Mzee Kashindi. Mmoja wa wale wawili alikuwa mjukuu wake. "Lakini maji inaua mumoja mumoja, mwalimu. Ndege inaua wote. Weye ungefanya nini?"

Mwalimu aliinamisha kichwa akasema, "Ningefanya kama weye, mzee."

Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia saa ile. Miaka yote ile alinifundisha kwamba maji yasiyochemshwa ni kifo, na sasa kifo kilikuwa kimelala kwenye mkeka wetu, naye alikubali.

Asubuhi iliyofuata sikumwambia mtu. Nilichukua chungu kidogo cha mama, nikapanda nyuma ya mwamba mkubwa, nikawasha vijiti. Kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza mpaka machozi yakatoka, nikiamini ukungu utanificha. Maji yalianza kupata joto. Niliona mapovu madogo yakishikamana na ukuta wa chungu. Nilipoinua macho, ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka. Jua lilikuwa limefunguka, na moshi wangu ulikuwa umesimama juu ya korongo, mweupe na mnene.

Nikasikia ndege.

Nilikimbia nikajitupa chini ya miti. Ndege ilizunguka mara moja, ikazunguka mara ya pili, ikashuka nyuma ya kilima cha pili. Tukasikia milio. Huko kulikuwa na kambi ya watu tusiowajua. Mpaka leo sijui kama waliuawa kwa sababu ya moshi wangu au kwa sababu ya moshi wao. Sijui hata walikuwa wangapi.

Wanaume walipofika kwenye mwamba, nami nikiwafuata nyuma, walimkuta Mwalimu Gaspari akikanyaga moto kwa viatu vyake. Mzee Kashindi alikipiga chungu teke, maji yakamwagika.

"Nani aliwasha?"

Mwalimu alitazama chungu. Alikijua, maana kila asubuhi alimsaidia mama kukibeba. Kisha alinitazama mimi, mikono yangu niliyokuwa nimeificha nyuma.

"Ni minye," alisema.

Hapo ndipo ningepaswa kusema. Nilizidi kuificha mikono nyuma. Wengine walitaka kumpiga, Mzee Kashindi akakataa. Alisema tu kwamba mwalimu hawezi kukaa nao tena. Mwalimu hakubishana. Alichukua mfuko wake, akashuka njia ya bondeni, kule kulikokuwa na askari. Sifa alikufa siku ya tatu. Tulimzika bila padri, na bila mwalimu wa kutuongoza sala.

Tulirudi mjini baada ya miezi mingi. Shule ilifunguliwa, nusu ya madawati yakiwa matupu. Mwalimu Gaspari alikuwa pale mbele ya ubao. Askari walikuwa wamemkamata njiani, wakamdhani mwasi, wakamvunja mkono wa kulia. Vidole vyake havikukunjika tena. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopanda na kushuka kama za mtoto wa mwaka wa kwanza.

Ijumaa ya kwanza tulijipanga nje kwa mazoea, mikono mbele. Alitoka, akatuona, akasimama mlangoni.

"Ingieni," alisema. "Leo iko imla."

Na Ijumaa zote zilizofuata ikawa imla. Siku moja nilibaki nyuma baada ya wenzangu kutoka. Nilianza, "Mwalimu, ule moto…" Alinikatiza kwa upole. "Daftari yako iko na makosa mengi, mutoto wangu. Enda uirudie." Sikujaribu tena. Alihamia ng'ambo kwa mke wake, na huko ndiko alikozikwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nami mwalimu wa somo hilo hilo, nilikaa na mama tukitwanga sombe. Nilimwambia yote. Hakuacha kutwanga.

"Nilijua tangu ile siku," alisema. "Nguo yako ilinuka moshi. Nilinyamaza, sababu hata minye nilitaka Sifa anywe ile maji."

Hatukulizungumza tena mpaka alipofariki.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma katika darasa lenye picha za rangi ukutani: mtoto anayetabasamu, bomba, mapovu ya sabuni. Hakuna anayekagua kucha zake, ambazo amezipaka rangi ya zambarau. Ana chupa ndogo ya dawa ya mikono inayonukia matunda, na mikono hiyo hiyo inashika simu, inashika pesa ya pikipiki, inashika andazi. Nikimwambia jambo ananijibu, "Bibi, tulishajua," na kweli wanajua. Kila msimu wa mvua kipindupindu kinakuja, na kila mwaka kuna watu wanaoshuka kutoka milimani na watoto mgongoni, wakikimbia vita vingine.

Sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na mtu mmoja aliyetushika mikono, na hatukuweza kumrudishia chochote.

Alasiri hii maji yanachemka juu ya mbabula ya makaa, uani, mchana kweupe bado, moshi unakwenda unakotaka. Mjukuu wangu, niliyemwambia ayaangalie, ameketi kando, anacheka na simu yake, na maji yamekwisha kupungua hadi nusu. Sijamgombeza. Nimeinuka polepole, nimechukua kitambaa, nimeyaepua mwenyewe.