Gitaa Lililokuwa Likishuka

Tulikuwa katikati ya mazoezi ya kwaya, Lindi mjini, mwalimu wetu alipoinua mkono kutunyamazisha.

"Dada, gitaa lako limeshuka sauti."

Nilikuwa nimelituni kabla hatujaanza. Nikakaza uzi, nikapiga, nikaona liko sawa. Hatujafika kwenye kiitikio, akainua mkono tena. Wenzangu walicheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikipiga muda wote ule na sikusikia kosa lolote.

Baba yangu alianza hivyohivyo. Alikuwa mpiga gitaa la umeme kwenye bendi ya dansi, na nikiwa msichana mdogo alikuwa akirudi nyumbani amenuna, akisema gitaa halikai kwenye tuni. Alibadilisha nyuzi. Aligombana na mpiga besi, akamwambia yeye ndiye hasikii. Mwishowe wenzake wakamweka chini, wakamwambia gitaa halina tatizo. Sasa yuko Kilangala na mama, anahudumia mikorosho yake, na ukitaka akusikie lazima uliinamie sikio lake la kushoto upaze sauti.

Kwa hiyo sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilifunga nyuzi mpya, mwalimu akasema gitaa limeshuka vilevile. Kwenye simu nina programu ya kutunia, yenye mshale unaosimama katikati sauti ikiwa sawa. Sikuifungua. Nilijua nikiifungua nitapata jibu, na jibu ndilo nililokuwa nikilikimbia.

Badala yake nikaanza kujipima kwa siri. Kutoka nyumbani kwetu Rasbura adhana ya msikiti wa mbali husikika vizuri, nami nikawa naitegea kila siku. Adhuhuri moja sikuisikia kabisa. Niliketi kitandani, nikakumbuka mama alivyokuwa akimgusa baba bega kumwambia chakula tayari. Mume wangu aliporudi kula alisema, "Umeme umekatika mji mzima." Spika za msikiti hazikuwaka. Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikalia.

Kesho yake nikalibeba gitaa mpaka Kilangala. Baba alikuwa amekaa kibarazani anabangua korosho.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mama. Na hilo limefuata nini huku?"

Nilimweleza sikioni kwake, kwa sauti kubwa mpaka jirani akageuka. Alinawa mikono, akajifuta vizuri, akalipakata gitaa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: aliinama, akaiuma pembe ya gitaa kwa meno, akagonga uzi. Gitaa langu pia ni la umeme; bila spika lilikuwa likilia kwa mbali tu kama mbu. Lakini yeye alifumba macho.

"Nasikia kwa mifupa," alisema, meno yakiwa palepale. "Vuta uzi."

Nilivuta uzi wa tatu kwa kidole kama tunavyouvuta kwenye solo, nikauachia, nikapiga. Akaiachia pembe.

"Limeshuka. Hata mimi nimesikia."

Nilitaka kumshika mkono lakini alikuwa ameshaanza kazi. Alipitisha ukucha juu ya shingo ya gitaa, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji inamopita nyuzi kabla ya kufika kichwani. Uzi ulikuwa umekwama kwenye mfereji wake. Nikikaza, unasimama pale pale. Nikiuvuta kwa nguvu, unateleza na sauti inashuka. Alichukua kipande cha uzi wa zamani, akausugua mfereji taratibu, akipuliza vumbi. Akaomba penseli, akaipaka ndani ili uzi uteleze. Mifereji mingine akaifanyia hivyohivyo.

Baada ya hapo ndipo nikafungua ile programu. Nilituni, nikavuta, nikapiga. Mshale ulisimama katikati. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi. Haukusogea.

Baba aliniangalia usoni. "Ulidhani ni masikio?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilidhani ni gitaa," alisema, akarudi kukung'uta maganda ya korosho kwenye shuka lake.

Nilikuwa nimekuja na hofu yangu, nikaivua mbele yake, naye hakuwa na pa kuivulia ya kwake. Na kusema kweli haikutoka yote. Mpaka leo watu wakinong'ona chumbani huwa nageuza kichwa haraka, na nikiambiwa "dada" mazoezini huwa naacha kupiga kabla sijajua ninaitiwa nini.

Nilipoanza kulirudisha gitaa kwenye mfuko, baba alinishika kiwiko.

"Piga kidogo."

Akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akaweka meno kwenye ile pembe, nami nikapiga polepole, nikiogopa kumuumiza. Nilisita mara moja tu. Bila kuachia mbao, akanionyesha kwa mkono niendelee.