Seli Zilizokataa Kufa

Siku seli zangu zilipokataa kufa, wifi yangu alitaka nifukuzwe kazi.

Najua hamnielewi. Tulieni.

Maabara yetu inatafuta chanjo ya ugonjwa wa kuku. Kazi yangu ni kuotesha virusi: naviingiza kwenye seli, vinajizalisha humo, seli zinakufa, roho yangu inatulia. Safari hii nafungua kabati la joto, seli ziko buheri wa afya!

Wifi, dada wa mume wangu, ndiye mkuu wa kitengo. Hajawahi kunipenda tangu naolewa. Akaja juu mbele ya watu wote.

"Umeviua virusi vyangu! Mikono michafu kama jiko lako!"

"Wifi, nimefuata kila hatua. Wewe uligusa nini kwenye RNA, yale maandishi ya urithi ya virusi?"

"Herufi moja tu, na protini ni ile ile. Usinitafutie sababu!"

Akaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi kudai nifukuzwe. Nikaomba muda kidogo nijitetee. Nilikuwa na hasira.

Nikapima upya. Kumbe virusi vilikuwemo, ila vinajizalisha kwa kusuasua.

Sasa sikieni. RNA ya virusi ni uzi wa herufi, lakini uzi huo hujikunja, herufi za upande huu zikashikana na za upande ule kama vifungo vya shati. Kimeng'enya kinachonakili virusi hushika kwenye mkunjo huo ndipo kianze kazi. Herufi ya wifi ilikuwa hapo hapo! Protini haikuguswa, ila mkunjo ulifunguka.

Nikabadilisha pia herufi ya upande wa pili, ili zishikane tena.

"Sasa umeharibu mara mbili," wifi akanicheka usoni.

Seli zikafa zote. Nilishangilia mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Nikapeleka matokeo kwa mkurugenzi, wifi akanifuata nyuma nyuma. Mzee akasoma, akasimama.

"Nani alibadilisha ile herufi ya kwanza? Virusi vinavyosuasua ndivyo tunavyovihitaji kwa chanjo, vinamfundisha kuku kujikinga bila kumuua!"

Wifi akanipiga kikumbo. "Mimi, mkurugenzi! Nilifanya makusudi kabisa."

Jamani!

Mkurugenzi akamgeukia taratibu. "Makusudi? Basi mbona ulikuja hapa kudai nimfukuze huyu kwa kuviua?"

Wifi akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Kitengo sasa nakiongoza mimi. Wifi hanisalimii mpaka leo, na sina mpango wa kumbembeleza.

Ninachowaambia ni hiki: kabla hujambebesha mwenzio kosa mbele za watu, hakikisha hutakuja kulihitaji wewe.