Mama wa Kigongo Juu ya Spika

Wiki iliyopita, hapa mtaani Mkolani, Mwanza, tulimzika mchoraji kijana, jirani yangu, ambaye homa ilimchukua kabla hata hajaoa. Wasomaji wangu wa siku zote msijisumbue kukumbuka jina lake. Hamkuwahi kulisikia, na labda ndiyo maana msibani alisifiwa sana.

Kosa lake lilikuwa kuchora anachokiona. Bwana mkubwa mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliagiza picha yake ya sebuleni. Ilipoletwa akang'aka, "We kijana, hili tumbo umelitoa wapi?" Akajibiwa kwa adabu zote, "Nimelikuta, mzee." Picha ikarudi na mchoraji wake. Wengine walitaka mawe ya ziwani na jua linalozama, kana kwamba jua la Mwanza halijui kuchomoza. Yeye akili yake yote ilikuwa kwenye kazi moja: mama yake na sinia lake la samaki wa kukaanga, pale Kigongo, enzi zile abiria walipokuwa wakisubiri kivuko. Sasa daraja limefunguliwa, magari yanapita bila kusimama, na biashara ya mama imekufa. Kijana akamchora mkubwa kuliko mlango, kwenye turubai kuukuu la lori, maana kitambaa cha wachoraji hakukimudu. Akazunguka nalo ofisi hadi ofisi akiomba ukuta wa kulitundika. Kote aliambiwa ana kipaji.

Siku ya mazishi mvua ilishuka katikati ya hotuba. Vijana wa kamati wakakimbilia ndani, wakakuta turubai limekunjwa kwenye kona, wakafunika nalo spika zilizokuwa nje. Rangi ilikuwa upande wa juu. Mama na sinia lake wakawa wanatutazama. Msemaji, mkavu chini ya hema, akaendelea kutueleza kwamba tumepoteza hazina. Ndipo mama mwenyewe akainuka.

"Jamani, huyo ni mimi," akasema. "Mwanangu aliniambia, mama, umekaa juani sana, nitakuweka ukutani watu wakuone. Na ninyi mnaniweka mvuani?"

Likaondolewa haraka. Mwenyekiti wa kamati akauliza liwekwe wapi. Tulikuwa wengi pale, wenye nyumba, wenye ofisi, wenye kumbi za harusi, na kila mtu akatazama viatu vyake. Niliona aibu, tena nilikasirika. Spika zikalowa, zikakoroma, zikazimika kabla hazina haijamaliza kupotea.

Mama akalikunja turubai lake, akaingia nalo ndani. Wasomaji, mkimjua kijana anayechora, mpeni ukuta angali anapumua. Hotuba ziacheni zilowe.